Ufundi na Uongozi: Jawabu kwa Mzee wa Moshi

Tulipata barua kutoka kwa mzee mmoja wa Moshi, ambaye jina lake tunalihifadhi kwa ombi lake, akitutaka shauri juu ya mwanawe. Kijana huyo, asema baba yake, amefanya kazi ya mitambo ya mtandao wa simu na kompyuta kwa miaka 7. Ndiye aitwaye usiku mnara unapozima, ndiye apandaye, na ndiye aungaye nyuzi za kioo zikikatwa na tingatinga la barabara. Sasa wakubwa wake wamemtaka awe kiongozi wa mafundi 14, naye anakataa. Asema yeye alisomea mitambo, hakusomea kusimamia watu. Na ya kwamba amewaona wenziwe waliopanda cheo wakaisahau kazi katika muda wa miaka 2, wakawa ni watu wa kutia sahihi karatasi tu. Baba kwa upande wake aona mwanawe anaikimbia riziki. "Nimemwambia," aandika mzee, "cheo ni kiti, na kiti hakichoshi." Wameshindana nyumbani mwezi mzima, hata mama wa kijana amekataza maneno hayo yasisemwe tena wakati wa chakula.

Barua hii tuliisoma mara kadha, tukaona si jambo la nyumba moja. Vijana wetu wengi, wa kiume na wa kike, wamo leo katika kazi hizi za mitandao: wako katika makampuni ya simu, katika mabenki, katika hospitali na vyuo. Wamejifunza VETA, au Taasisi ya Teknolojia ya Dar es Salaam, au wamefika Chuo Kikuu cha Dodoma. Na kila mmoja wao, akidumu katika kazi yake, itamfikia siku ya kuambiwa, "Sasa wasimamie wenzio." Mzee tulimjibu kwa barua. Hapa twaandika yale yale, na zaidi kidogo, kwa wasomaji wote, na twamtaka radhi iwapo jawabu letu halikumpendeza yeye wala mwanawe. Kwani twaona wote wawili wamekosea.

Mzee anakaa mlimani, juu ya mji. Basi kabla ya kusema lolote juu ya nyaya, tulimwomba atoke nje autazame mfongo unaopita nyuma ya migomba yake.

Wasomaji wetu wa pwani huenda wasijue mfongo ni kitu gani, nasi twapenda kuueleza, kwa sababu ni katika kazi kubwa za watu wa nchi hii zisizosemwa vya kutosha. Mto wa Kilimanjaro haukai juu ya ardhi ukamngoja mkulima. Umezama katika korongo, na vihamba, yaani mashamba ya nyumbani yenye migomba na mibuni, viko juu ya mgongo wa kilima baina ya korongo na korongo. Mtu aweza kuusikia mto usiku kucha na asipate tone la kumwagilia mgomba mmoja. Wachaga wakapata hila ya kupanda juu sana, mpaka pahali ambapo mto na mgongo wa kilima havijaachana mbali. Hapo wakayazuia maji kwa mawe na matawi na udongo, wakayaongoza ubavuni mwa korongo kwa mteremko mdogo sana, hata yakatokea juu ya mashamba. Penye bonde dogo waliyavusha katika magogo yaliyochimbwa ndani. Mteremko ukizidi ukali, maji hukata udongo na ukingo ukaporomoka. Ukipungua mno, maji hulala na tope likajaa. Na kipimo cha kazi hiyo kilikuwa ni jicho la mjuzi na maji yenyewe. Harry Johnston, Mwingereza aliyekaa Moshi katika nchi ya Mangi Rindi mwaka 1884, aliikuta mifongo hiyo ikitiririka, akaandika habari zake kwa mastaajabu. Ilichimbwa kwa mamia kuuzunguka mlima.

Huo ni ufundi. Lakini mfongo uliochimbwa vizuri hufa katika masika moja kama hapana watu. Mvua hushusha kingo, majani huziba, na mafuriko huuzoa mlango wa maji kule juu ukachukuliwa wote. Kwa hiyo kila mfongo ulikuwa na mzee wake, aghlabu wa ukoo wa yule aliyeuanzisha, na mkutano wa wenye kuutumia. Hao ndio wapangao zamu: nani apate maji asubuhi, nani mchana, na siku gani watu wote watoke na majembe kusafisha. Asiyetokea hutozwa, au zamu yake ikampita. Maji ya usiku huwekwa katika bwawa dogo liitwalo nduwa, yakafunguliwa alfajiri, yasipotee bure watu wakiwa wamelala. Zamani mwenye kuomba maji alikwenda na kibuyu cha pombe ya ndizi. Sisi hatuna la kuisifu pombe. Lakini adabu ya kwenda kuomba, na desturi ya aliye juu kumkumbuka aliye chini, hizo twazisifu.

Hapa ndipo tunapotaka mzee na mwanawe wasimame kidogo. Mzee wa mfongo hakuwa mtu wa kukaa tu. Mwenye zamu akija kulalamika ya kwamba maji hayakumfikia, kuna mambo mawili: ama yameibwa na jirani wa juu, ama yamevuja njiani. Mzee asiyeujua mfongo, asiyejua ukingo dhaifu uko wapi na maji huchukua muda gani kutoka mlangoni mpaka shamba la mwisho, hawezi kupambanua baina ya mambo hayo. Atamhukumu jirani asiye na kosa, au atamwacha mwizi. Uadilifu wake ulikuwa ndani ya ujuzi wake. Na yule mjuzi wa mteremko, naye, asipoweza kuwatoa watu majumbani kwa majembe, ujuzi wake hauna faida zaidi ya ndoto.

Leo si mifongo yote ingali hai. Mingine imekauka; mingine imeachwa baada ya mabomba kuja na vijana kushuka mjini. Lakini hesabu ile haijabadilika, na palipotokea kuisahau, hasara ilionekana. Huko chini katika uwanda, kusini ya mji, ulimalizika mwaka 1987 mradi mkubwa wa umwagiliaji wa Moshi Chini kwa msaada wa Japani, ukitumia maji ya mito ya Rau na Njoro. Mifereji ilijengwa kwa saruji, mashamba yakasawazishwa kwa mashine, na mbegu mpya za mpunga zikaletwa, hata mavuno yakapita tani 6 kwa hekta. Tatizo halikutoka katika saruji. Wakulima wa upande wa juu, waliokuwa nje ya mradi, waliona jinsi mpunga unavyolipa, wakajifunza, wakaanza kulima wenyewe, wakiyachukua maji ya mito ile ile kabla hayajafika chini. Haikupita miaka mingi maji yakawa hayatoshi, sehemu ya mashamba yale mazuri ikakosa kupandwa, na ugomvi ukaingia baina ya watu wa juu na watu wa chini. Kazi iliharibiwa na uzuri wake mwenyewe, kwa kuwa jirani aliyekuwa akiitazama kutoka ng'ambo ya mpaka hakuingizwa katika hesabu tangu mwanzo.

Sasa tuje kwenye nyaya. Mtandao wa intaneti nao una chemchemi yake, iliyo mbali kuliko theluji ya Kibo. Mkongo wa baharini wa SEACOM ulianza kazi Julai 2009, na ule wa EASSy mwaka 2010, yote miwili ikitokea nchi kavu Dar es Salaam. Na kutoka huko mkongo wa Taifa ukaingia bara, pahali pengine ukizikwa ardhini na pengine ukipita juu pamoja na nyaya za umeme. Agosti 2022 Shirika la Mawasiliano Tanzania lilifikisha intaneti ya kasi Horombo, mita 3,720 mlimani, na kabla ya mwaka kwisha ikatangazwa kuwa imefika Kilele cha Uhuru, mita 5,895. Jambo hilo lilishangiliwa, na haki yake kushangiliwa, kwani mlima huo una wapagazi na waongozaji ambao maisha yao hutegemea kupata kuita msaada upesi.

Lakini Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 mikongo hiyo miwili, SEACOM na EASSy, ilipata hitilafu baharini baina ya Msumbiji na Afrika Kusini, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Siku ile fundi wa Moshi, hata angekuwa bingwa namna gani, hakuwa na waya wa kuunga. Waya uliokatika ulikuwa chini ya bahari, mbali na mikono yake. Kilichobaki mikononi mwake ni watu: kuwaeleza kwa ukweli kilichotokea na kisichojulikana bado, na kuamua, katika ile njia nyembamba iliyosalia, nani atangulie. Hospitali iliyotaka kupeleka picha za mgonjwa Dar es Salaam, au nyumba iliyotaka kutazama mchezo wa mpira? Hiyo ni zamu ya mfongo yenyewe, wala hakuna mtambo uwezao kuipanga mpaka mtu aupe amri.

Jirani zetu wa Kenya walikwisha kulipata somo hili mapema. Mwishoni mwa mwaka 2000 mafundi wa makampuni ya intaneti ya Nairobi, makampuni yanayoshindana katika biashara, walikubaliana kufungua kituo kimoja cha kubadilishana mawasiliano. Kabla ya hapo barua ya kompyuta iliyotoka ofisi moja ya Nairobi kwenda ofisi nyingine ya Nairobi, kama ofisi hizo zilitumia makampuni mbalimbali, ilipanda setilaiti, ikaenda ng'ambo, ikarudi, na gharama ikalipwa kwa dola. Kwa ufundi, kuunganisha makampuni hayo haikuwa kazi kubwa. Lakini shirika la simu la Kenya lilishitaki kuwa haki yake ya pekee imeingiliwa, na baada ya wiki kama mbili hivi Tume ya Mawasiliano ikaamuru kituo kifungwe. Kilifunguliwa tena Februari 2002. Muda huo wote ulipita katika kuonana na wakubwa, kueleza, kuandika, kueleza tena, na kuwaweka washindani pamoja wasitawanyike kwa hofu. Mafundi waliodhani kazi yao ni swichi na ruta walijikuta wanafanya kazi ya wazee wa baraza. Mwaka 2012 mawasiliano yaliyomalizikia Kenya kwenyewe yalikadiriwa kuwa asilimia 30 tu. Kufika mwaka 2020 yalikuwa asilimia 70. Lau wangalisema "sisi ni mafundi, hayo si yetu," kituo kile kingalibaki kimefungwa.

Na sisi wenyewe tumepata kuona jambo hili kwa macho yetu, katika kijiji kimoja juu ya Moshi, wala hatutaitaja kampuni. Walikuja mafundi kuchimba mtaro wa kupitisha nyuzi za kioo kwenda shuleni. Njia yao ilipimwa vizuri. Ilikuwa fupi kuliko zote, wala haikuwa na mwamba. Ilipita mpakani mwa vihamba viwili, wakafyeka masale waliyoyakuta hapo ili wapate nafasi. Wao waliona ni majani. Kwa Mchaga isale ndilo lioneshalo mpaka aliouweka babu. Na ndilo hilo hilo lichukuliwalo mkononi mtu anapokwenda kuomba msamaha, na mwenye kuletewa isale huona vigumu kulikataa. Isitoshe, hatua chache kutoka pale palikuwa na makaburi ya wazee wa nyumba ile. Bibi mwenye kihamba alitoka akasimama katikati ya mtaro, akasema hapachimbwi. Msimamizi wa kazi akamwonesha karatasi ya ruhusa yenye mihuri mitatu. Bibi hakuitazama. Kazi ikalala wiki 3, na shule ikangoja.

Wiki ya nne alikuja msimamizi mwingine, mtu wa Tanga, mnene kidogo, asiyejua neno la Kichaga. Lakini kabla ya kupanda alimwuliza kijana mmoja wa vibarua sababu ya ugomvi, akasikiliza mpaka mwisho. Akaja na jani la isale mkononi. "Shikamoo bibi," akasema, "nimekuja kwa makosa ya wenzangu." Bibi akaitikia, akalipokea jani, akatoa kigoda. Walikaa wakanywa chai, wakazungumza habari za watoto na za bei ya kahawa, na baadaye bibi mwenyewe akainuka akamwonesha pa kupita, hatua kama 12 pembeni. Njia hiyo mpya ilikuwa na kona mbili kali, na nyuzi za kioo hazipendi kona kali; ikikunjwa mno, mwanga hupotea njiani. Msimamizi akapima, akatazama, akasema kona zikipanuliwa kidogo itafaa. Wajukuu wa bibi wakashika majembe. Siku ya pili jioni kazi ilikwisha. Tukumbuke kwamba mtu huyu hakushinda kwa upole wake peke yake: angalikuwa hajui nyuzi hustahimili mkunjo gani, angalimwahidi bibi njia isiyofaa, na shule ikapata mtandao wa kukatika kila siku.

Basi, mzee wetu, hicho ndicho kiti unachosema hakichoshi. Kati ya mafundi 14 atakaokabidhiwa mwanao, mmoja atakuwa amefiwa na haoneshi; mmoja anaogopa kupanda mnara tangu mwenziwe alipoteleza, naye anatafuta visingizio; mmoja ni hodari, na kwa uhodari wake amebebeshwa zamu zote za usiku hata nyumba yake inataka kuvunjika. Kijana mdogo kuliko wote atang'oa waya usiofaa kung'olewa, na benki zima litasimama saa nzima, na mteja atapiga simu akitaka jina la aliyekosea. Kiongozi atasema nini? Akilitoa jina, hatapata tena fundi wa kumwambia kweli. Akificha kosa, litarudi. Kusema "kosa ni la kundi langu, na mimi ndiye wa kuulizwa," kisha kukaa na yule kijana faragha mpaka ajue alipokosea, ni kazi inayochosha kuliko kupanda mnara. Sisi Waislamu twakijua kisa cha Dhulkarnaini na ukuta. Watu walimjia wakataka kumpa ujira awajengee kizuizi. Hakutaka mali yao, alitaka nguvu zao. Aliwafanya wachukue vipande vya chuma, wakavuvia moto, kisha ikamiminwa shaba iliyoyeyuka. Alijua chuma na shaba, na alijua pia ya kwamba watu waliokuja kuomba waweza kugeuzwa kuwa watu wa kujenga.

Nawe, kijana, hofu yako si ya kudharauliwa. Ni kweli tumewaona waliopanda wakasahau. Na kiongozi aliyesahau kazi ni yule mzee asiyeujua mfongo, atadanganywa na kila mtu. Lakini dawa ya hofu hiyo ni masharti, nayo masharti huwekwa kabla ya kukubali. Waombe wakubwa wako usitolewe katika zamu za usiku moja kwa moja: zikubakie hata usiku 2 kwa mwezi, upande gari pamoja na mafundi, ushike waya. Waombe muda wa kuchora mtandao wote katika karatasi, kila njia na kila kiungo, ili ujuzi usiwe kichwani mwa mtu mmoja. Na uwaombe mtu wa pili wa kupokea simu za usiku, ili usiwe wewe tu.

Katika hili la mwisho tuna neno kali kidogo. Wako mafundi, na hodari kweli, wanaofurahi kuamshwa saa 9 za usiku kwa kuwa hakuna mwingine ajuaye. Wameficha funguo na maneno ya siri ya mitambo kama mchawi anavyoficha tunguri zake. Huona hiyo ndiyo heshima ya kazi. Siku wakiugua malaria, wilaya nzima hukosa mawasiliano, na watu husema, "Kumbe bwana fulani ni muhimu sana!" Sisi twaona mtu huyo amezuia maji mlangoni mwa mfongo. Kijana, katika miaka yako 7, je, umemfundisha mtu yeyote kuunga uzi wa kioo gizani, kwenye mvua, kama ufanyavyo wewe? Mzee hakutuandikia juu ya hilo, nasi tulikuuliza katika barua yetu.

Jawabu lilikuja baada ya siku kama 20, kwa mkono wa baba. Kijana amekwenda kwa wakubwa wake na yale mambo 3. Zamu za usiku wamezikubali. Muda wa kuchora mtandao wamempa, wiki 6. Juu ya mtu wa pili wa simu wamesema wataitazama bajeti, naye amewajibu kuwa atangoja jawabu hilo ndipo atie sahihi. Mzee hakufurahi sana kwa kungoja huko. Lakini ameongeza mwishoni ya kwamba Jumamosi ilikuwa siku ya kusafisha mfongo wao, na mwanawe, ambaye hajashika jembe tangu alipomaliza shule, alimfuata bila ya kuitwa. Waliporudi adhuhuri, wamejaa matope mpaka magotini, mama aliwauliza wamekubaliana nini huko. Wakamwambia hawakuzungumza habari za kazi. Walikuwa wakibishana juu ya ukingo mmoja, kama unavuja au hauvuji.